Huduma ya gari la taka mtaani kwetu Temeke, baada ya mwaka mzima

Nyota 3 kati ya 5. Ungeniuliza mwezi wa kwanza ningekupa 4 bila kufikiria, maana gari linakuja, na mtu aliyekaa uswahilini hapa Dar anajua gari la taka kuja siku iliyosemwa ni jambo la kushukuru. Nyota mbili nilizokata zote ni kwa jinsi vijana wanaozoa wanavyotendewa. Watu mtaani wakisifia hii huduma wanasifia gari, wakilaumu wanalaumu hela, wale wanaobeba hawatajwi kabisa, kwahiyo mi nitawaongelea wao kwa kirefu na mengine nitapita haraka.

Huduma yenyewe iko hivi. Mtaa wetu uko ndani ndani, njia nyingi gari haliingii, hata bodaboda inapita kwa kupishana na ndoo za maji. Jumanne na Ijumaa asubuhi vijana wanapita na mkokoteni na guta moja, wanapiga filimbi, unatoa kiroba chako, wanakusanya wanasukuma mpaka kwenye kizimba pale barabara kubwa, alafu tipa linakuja kupakia kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Nyumba inalipa elfu tatu kwa mwezi, mwenye genge na mama lishe wanalipa zaidi kidogo. Malipo ni kwa kontroo namba kwenye simu, na hapo nawapongeza kweli, zamani alikuwa anapita mtu na kitabu cha risiti, ukilipa leo wiki ijayo anakuja mwingine na kitabu chake anakwambia hujalipa.

Kwa mwaka mzima hawakutokea kama mara tisa hivi, nyingi ni kipindi cha masika. Mvua ikinyesha dampo linakuwa matope matupu, magari yanapanga foleni, tipa likikwama kule huku kizimba kinafurika, maji meusi yanashuka mtaroni na watoto ndio njia yao ya shule. Nimewasamehe, maana wakirudi wanazoa na za wiki iliyopita bila kuomba hela ya ziada, na kuna mitaa jirani hapo hata hiyo mara moja kwa wiki hawaipati, wanachoma moto usiku moshi unaingia ndani kwa watu wamelala.

Sasa vijana. Wako saba, wawili ni wa guta, wanne wanabeba na mmoja anafagia kizimba. Mwanzoni nilikuwa siwaangalii, unatoa kiroba unarudi ndani. Siku moja nikawa nafua nje ndio nikakaa nikaangalia kazi inavyofanyika. Wawili walikuwa na kandambili, kijana mmoja alikuwa na gambuti moja ya kijani na nyingine nyeusi, zote za kushoto. Glavu walikuwa nazo watatu, zile za kitambaa zenye vidoti vya mpira, zinauzwa buku buku kwa mafundi ujenzi. Zile glavu kwa taka hazifai hata kidogo, nimezishika mwenyewe, zikishanyonya maji ya kiroba zinabaki na unyevu ule siku nzima, kijana akizivua vidole vimesinyaa kama amekaa baharini toka asubuhi, ngozi inachubuka na kile kilichomo kwenye maji kinapata pa kuingilia. Na kitu chenye ncha kinapita humo kama hamna kitu. Nikamuuliza mmoja wao, "mwanangu mbona hizo zimechoka hivyo?" akanijibu "mama, hizi nimenunua mwenyewe."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa tano ndio likatokea la kutokea.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, mlangoni kwangu kabisa. Kijana mdogo kuliko wote, ana kama miaka 20, akakumbatia kiroba changu na cha jirani kwa pamoja akavipandisha kwenye mkokoteni, alafu akavishindilia kwa kiganja ili viingie vingi. Akaruka nyuma. Hakupiga kelele, alikaa tu anaangalia kiganja, chini ya kidole gumba kuna tone moja la damu, dogo sana, kama umejichoma na mwiba wa samaki. Akajifuta kwenye suruali akataka kuendelea. Nikamwambia hebu subiri kwanza. Tukafungua kiroba, tukakuta sindano ndogo ile ya insulini, haina kifuniko.

Mama yangu mzazi naishi nae, ana sukari mwaka wa sita huu, anachoma insulini asubuhi na jioni. Piga hesabu, mara mbili kwa siku ni sindano kama 60 kwa mwezi ukitumia mpya kila mara, na zote hizo nyumbani kwangu zilikuwa zinaingia kwenye kiroba kimoja na maganda ya viazi na pampasi za mjukuu. Siwezi kuapa kwamba ile ilikuwa ya kwetu maana viroba vilikuwa viwili, ila najua mimi nilikuwa natupa. Kliniki ya sukari walitufundisha kuchoma, kuhifadhi dawa kwenye ubaridi, kupima kwa kipimo cha kidole, kuhusu kutupa sindano sikumbuki kuambiwa na mimi sikuuliza. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima silali vizuri.

Nikamuosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka. Wenzie wakawa wanamwambia akamue damu itoke au anyonye ateme, nikawazuia, dada yangu ni nesi alishaniambia haikamuliwi wala hainyonywi, unaosha tu kwa maji mengi alafu unakimbia hospitali. Tukapanda bajaji mpaka kituo cha afya. Pale nawashukuru sana, hawakutuweka foleni, daktari akaeleza kila kitu kwa upole. Kwamba dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 72, unameza siku 28 bila kuruka, alafu unarudi kupima. Akasema mtu akichomwa sindano yenye damu ya mwenye virusi uwezekano wa kupata VVU ni mdogo, kama 3 kati ya 1,000, ila homa ya ini B ndio hatari zaidi, kwa mtu ambae hajachanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100 kama sindano ilitumiwa na mwenye ugonjwa. Akamuuliza umechanjwa? Kijana akauliza chanjo gani. Watoto wetu siku hizi wanaipata kwenye zile chanjo za kliniki wakiwa wachanga, ila watu wazima wengi hawana na hawajui kama hawana.

Dawa za VVU hatukulipia, sindano ya pepopunda na bajaji nililipa mimi. Tatizo likaja kwenye siku. Huyu kijana analipwa kwa kutwa, asipokuja halipwi, na zile dawa wiki ya kwanza zilimletea kichefuchefu na kizunguzungu kiasi kwamba hawezi kusukuma mkokoteni. Nikampigia simu msimamizi wao. Alipokea vizuri tu, akasema "pole yake, mwambie apumzike, akipona atarudi." Nikamuuliza na hela ya kula? Akasema hao ni vibarua mama, hawako kwenye orodha. Nikauliza orodha ipi, akasema ya kampuni.

Nikaenda ofisi ya mtaa kwa mtendaji. Mtendaji wetu ni mtu mzima mwenye heshima na alinisikiliza, ila jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba vijana sio wafanyakazi wa halmashauri, ni wa mkandarasi, ofisi yake inashughulika na usafi wa mtaa tu. Nilimwambia kwa adabu kwamba mi sielewi hapo. Mkandarasi amepewa zabuni na nani? Hela yangu ya elfu tatu inaingia kwa kontroo namba ya nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kazi ya taka ngumu imeiweka mikononi mwa serikali za mitaa, na toka jiji lilipoanza kuzikabidhi kampuni binafsi kazi ya kuzoa mwaka 1994 mpaka leo ile kazi bado ni ya serikali, kilichobadilika ni mikono inayoifanya tu. Alafu kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga na apime afya za watu wake. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015, mwajiri anachangia kila mwezi ili mtu akiumia kazini atibiwe na alipwe. Sasa kibarua asiyekuwa kwenye orodha hachangiwi, akichomwa sindano anafidiwa na mama mwenye nyumba aliyemuonea huruma.

Sikumaliza chuo cha sheria mimi, haya nimeyajua kwa kuuliza na kusoma kwenye simu usiku. Ila hata bila kusoma, mtu akiandika mkataba wa kuzoa taka anaweka idadi ya tripu, anaweka siku za kuja, anaweka faini ya kuchelewa, basi anashindwaje kuweka mstari mmoja wa glavu na mabuti na majina ya watu watakaobeba? Nilimuuliza mtendaji kwenye ukaguzi wa kila mwezi huwa wanaangalia nini, akatoa fomu akanionyesha, kizimba kiko safi ndio au hapana, gari limekuja mara ngapi, malalamiko ya wananchi. Hamna sehemu hata moja inayouliza kama kuna mtu aliumia.

Namshukuru kwamba hakuishia pale. Akaita kikao, mwenyekiti wa mtaa akaja, wajumbe, kamati ya mazingira, na mkandarasi akamtuma mtu. Kikao kilichukua masaa matatu na kilikuwa na maneno makali, jirani mmoja alisema wazi tusiwabane sana wataongeza bei, na kiukweli hofu yake naielewa, elfu tatu kwa mwenye vyumba viwili vya kupanga na watoto wanne sio hela ya kuchezea. Ila mzee mmoja akasimama akasema yeye alikuwa mzoa taka wa jiji miaka ile dampo lipo Vingunguti, akanyoosha mkono wa kulia, vidole viwili havikunji. Chupa ilimkata mshipa, akashonwa, siku ya tatu akarudi kazini na bandeji maana nyumbani hamna kitu, kidonda kikaoza. Mi nimekulia Vingunguti, lile dampo nalijua, lililetwa huko baada ya watu wa Tabata kuishtaki halmashauri mwaka 1988 na kushinda, baadae likahamia Mtoni, sasa ni Pugu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunawaona wale wababa wanashuka juu ya magari wamejaa majivu na funza tunawakimbia. Sikuwahi kufikiria kwamba mmoja wao nitakuja kukaa nae kikao kimoja aniaibishe kwa vidole vyake.

Yaliyobadilika baada ya kikao nayasema kwa haki. Vijana wote saba wana gambuti, jozi kamili, za saizi zao, kwa sababu mwanzo waliletewa zote namba 10 na mwenye mguu wa namba 7 alikuwa anaanguka nazo. Wana vizibao vya kung'aa. Glavu sasa ni zile za mpira mzito zinazofika karibu na kiwiko, ndani zina kitambaa, zinaoshwa kwa sabuni na kuanikwa kichwa chini kwenye ukuta wa kizimba. Sindano bado inaweza kupita, hamna glavu ya bei ya kawaida inayozuia sindano kabisa, ila kwa chupa iliyovunjika na mabati zinasaidia sana, na mkono unabaki mkavu. Wanabadilishiwa kila baada ya miezi mitatu kwa maneno ya mkandarasi, mpaka sasa wamebadilishiwa mara moja. Majina yao yameandikwa na wameambiwa wameingizwa kwenye mfuko wa fidia, nimemuomba mtendaji atuonyeshe uthibitisho na bado nasubiri, nikiuona nitaongeza nyota. Chanjo ya homa ya ini wamepata dozi ya kwanza na ya pili, ya tatu ni miezi sita toka ile ya kwanza. Na yule kijana alimaliza dawa zake zote 28, majibu ya miezi mitatu yako salama, mama yake alikuja nyumbani na kuku.

Kubwa kuliko yote kwangu ni reki na koleo. Zamani kizimbani walikuwa wanapakia kwa mikono na kifua, sasa zile zilizomwagika wanakokota kwa reki, wanachota kwa koleo kwenye turubai, wanne wanashika kona wanarusha kwenye tipa. Na wameacha kushindilia kwa viganja, wanashindilia kwa ubao. Huo ubao alichonga fundi seremala wa hapa mtaani bure. Kitu cha bei ndogo kama hicho kingekuwepo mwezi wa tano, tusingefika hospitali.

Ambayo bado. Tipa lenyewe. Likishajaa vijana wawili kati yao wanapanda juu ya taka kwenda Pugu kushusha, wanakaa juu ya mzigo gari likiwa linakimbia, turubai limefungwa upande mmoja, dereva akifunga breki sijui watashika nini. Nimelisema kwenye kikao, nikajibiwa kabini haitoshi. Kama kabini haitoshi basi wapande daladala walipiwe nauli, au kampuni iwe na watu wa kushusha kule kule. Na kule dampo sitaki hata kufikiria masika, maana mwezi wa nane mwaka 2024 lile dampo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka baada ya mvua likafukia nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa, na Addis Ababa mwaka 2017 dampo la Koshe liliua zaidi ya 100. Taka zikirundikwa bila kushindiliwa kwa tabaka na maji yakaingia ndani, mlima unateleza. Kijana anayeshusha mzigo chini ya ukingo ule hana habari.

Kingine ni maji ya kunawa. Kizimbani hamna bomba. Wanamaliza kazi saa sita mchana wanakula mihogo na mikono ile ile. Mama lishe wa pale jirani huwa anawapa ndoo kwa hiari yake, Mungu ambariki, ila ndoo ya maji na kipande cha sabuni ni kitu cha mkandarasi kuleta, mama wa watu asiachiwe huo mzigo. Na kinamama wanaofagia barabara kubwa alfajiri, hawa sio wa mkandarasi wetu ila nawataja kwa sababu nawaona kila siku nikienda sokoni, wameinama na fagio la chelewa mgongo kwenye magari, giza bado, hamna koni wala taa, vumbi lote linaishia puani. Kizibao cha kung'aa kikichakaa haking'ai tena, vyao vingi vimefika huko.

Kwa anayehamia mtaani kwetu, ushauri wangu ni huu. Toa kiroba saa moja na nusu, kisijae mpaka mdomoni, acha nafasi ya kufunga ili mtu ashike shingo ya kiroba asilazimike kukikumbatia. Chupa iliyovunjika na wembe viweke kwenye kopo la bati au galoni, ziba, alafu mwambie kijana kwa mdomo "hili lina chupa." Mifupa na mabaki ya chakula tofauti kama unaweza, wafuga kuku na bata wa hapa wanachukua. Mkaa uliozimwa uhakikishe umezimika kweli, mwezi wa saba mkokoteni ulishika moto njiani.

Sindano usiwape wao kabisa. Mimi natumia chupa ya plastiki ngumu ya dawa ya kufulia, ile yenye mfuniko wa kuzungusha, ikifika robo tatu nafunga na gundi ya karatasi napeleka kituo cha afya wanatia kwenye lile boksi lao la njano, hawanitozi kitu. Ukiona mbali kwenda, niletee, Jumatatu ya kwanza ya mwezi huwa nabeba za mama na za wagonjwa wengine wanne wa sukari wa mtaa huu, mtoto wako akiuliza nyumba ya bibi wa insulini ataonyeshwa.